Tuachieni Nguzo Moja ya Mti

Mama Nekesa tulimuaga mtaani Kaptembwo, hapa Nakuru, siku ya Ijumaa, kabla mwili haujapakiwa kwenda kuzikwa Bungoma. Hema lilikuwa limefungwa kamba moja kwenye mlingoti wa stima na nyingine kwenye lango la kanisa, na upepo ulipovuma lote lilipanda na kushuka juu ya vichwa vyetu kama kitu kinachopumua. Kijana aliyeshika maikrofoni akatangaza, "Sasa tumsikie Injinia. Huyu mzee alikaa nyumba moja na marehemu na bwanake, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Injinia, maneno mawili tu, saa zimeenda." Nikasimama. Hayo maneno mawili nilikuwa nimeyabeba zaidi ya miaka hamsini, na njiani, tangu natoka kwangu Section 58, nilikuwa nimejiapia kwamba leo nitayatoa. Nikaishika maikrofoni, nikalitazama jeneza, nikasema, "Alikuwa anapika mrenda mzuri sana." Nikakaa. Watu wakacheka kidogo, wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Woi, mzee ameshindwa na uchungu." Uchungu ulikuwepo, lakini sio ulionikalisha. Ilikuwa ni ile tabia yangu ya siku zote: jambo likiwa zito mdomoni nalimeza, halafu naenda kuliandika.

Tulipokuwa tunangoja gari la maiti alinijia Nasimiyu, mjukuu wa marehemu. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uhandisi wa migodi, na katika darasa lao wasichana ni wanne. Akainama kunisalimia. "Kuka," akasema, kama kwao wanavyomwita babu, na bibi wakimwita kukhu, "najua leo si siku yake. Lakini kuna mgodi unachukua wanafunzi wa mazoezi, na wanataka barua ya injinia anayenijua. Kukhu alikuwa ananiambia kila siku, enda kwa Injinia, yeye ndiye alisomeshwa na ule mgodi uliomla babu yako." Nikamwambia nitaandika. Nimekaa na karatasi hiyo siku tisa sasa. Kila nikiandika "Kwa anayehusika" mkono unasimama, kwa sababu mimi najua barua ya aina hiyo inavyopatikana. Jana nikateremsha sanduku la bati kutoka juu ya kabati, nikatoa daftari zangu za mwaka wa hamsini na nne. Ziko tatu, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Ukizikung'uta, hata leo, zinatoa vumbi jeupe.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, wengine wameyaeleza vizuri kuliko mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha pili, masomo yamekwama, na Kizungu changu cha darasani kilinipatia kazi ya karani na mkalimani kwenye mgodi mmoja bondeni, kati ya Gilgil na Nakuru. Si ule mkubwa ambao watu huenda kuutazama. Huu ulikuwa mdogo, ulifungwa kabla ya Uhuru, na siku hizi ukipita hapo utaona mbuzi tu. Tulichimba udongo mweupe, mwepesi kuliko unga wa ngano, ambao uliletwa na ziwa lililokauka zamani za kale, na wenye viwanda waliutumia kuchujia bia na sukari. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Meza kubwa ilikuwa ya Bwana Hollis, injinia, na ndogo ilikuwa yangu. Mezani kwake palikuwa na ramani za mahandaki, birika la chai lililokwisha rangi, na kitabu kidogo chekundu cha kujifunzia Kiswahili. Nilidhani kazi ya kile kitabu ni kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo wa ziwani. Kiswahili nilichomsikia nacho kilikuwa cha kuitia chai na kufukuza mbwa. Mengine yote yalipitia kwangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika orodha ya wafanyakazi kwa ajili ya makao makuu: jina, kabila, kazi, na miaka mtu aliyokaa mgodini. Juu kabisa, peke yake, Hollis, injinia wa migodi. Chini yake Wahindi wawili, fundi wa mashine na mwenye stoo. Halafu mstari uliopigwa kwa rula, halafu sisi: nyapara, mafundi wa nguzo, wachimbaji, wasukuma toroli. Nilipomaliza nilifanya jambo ambalo sijui lilitoka wapi, mimi niliyekuwa siwezi hata kuomba nipitishiwe chumvi. Nilimwuliza kama mtu kama mimi anaweza kuwa injinia wa migodi. Hakucheka. Aliigeuza ile orodha, akaitazama kama anayetafuta jina, akasema kwamba katika koloni hii hayupo hata mmoja. Akamimina chai. Halafu akasema kuna kozi ya upimaji Nairobi, na kwamba yeye akiniandikia barua watanichukua. "Tuone mwaka utakavyokwenda," akasema. Daftari langu la jioni hiyo lina mistari miwili tu: "Nimeuliza. Amesema tuone. Ee Mungu, nifanye nisimuudhi mtu huyu mwaka huu mzima." Nimeisoma dua hiyo tena jana. Ilijibiwa yote, neno kwa neno.

Nilipangiwa kulala kwa Barasa, nyapara wa Handaki la Tatu. Nyumba zetu zilikuwa landhi ndefu ya mawe, chumba kwa chumba, na chumba chake kiligawanywa na pazia la magunia: huku yeye, mkewe Nekesa na mtoto wao wa miezi sita, huku mimi na sanduku langu. Hakuna mahali nimewahi kula vizuri hivyo. Nekesa alipika nje chini ya ukingo wa bati, na kabla ya kufunua sufuria alipuliza kifuniko, fuu, vumbi jeupe likaruka, ndipo akafunua. Hata hivyo vumbi liliingia. Lilikuwa kwenye chai, kwenye kope, kwenye kichwa cha mtoto hata akaonekana mzee. Barasa alikuwa mtu wa maneno. Akiniona nimeinamia daftari, alianza. "Karani, soma tusikie. Umeandika nini leo juu ya ndevu zangu?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Unaona, Nekesa? Wanaume wasioongea duniani ni wa aina mbili. Mchawi na karani."

"Na huyu anayeongea hata akiwa na ugali mdomoni?" Nekesa akauliza.

"Huyo ni mwenye nyumba."

Nilicheka ndani kwa ndani, nikiuma penseli. Hata kucheka kwa sauti nilikuwa sijajifunza.

Mtu aliyenifundisha mgodi hakuwa injinia. Alikuwa Mzee Kamotho, fundi wa nguzo, Mkikuyu mfupi aliyekuwa amekaa pale miaka mingi kuliko jina lingine lolote kwenye orodha yangu. Dari la handaki lilishikiliwa na nguzo za mtarakwa, ule mti mwekundu wa msituni unaonukia kama penseli iliyochongwa. Kila asubuhi, watu wakishaingia, Kamotho aliinua shoka juu na wote walinyamaza. Hakuna kukohoa, hakuna kuburura kiatu. Walisimama hivyo kwa muda wa kusema Baba Yetu moja, na yeye alipita nguzo hadi nguzo, akigonga kwa kisigino cha shoka na kuweka sikio. Waliita kusikiliza mti. Siku moja aliniita. "Karani, lete hilo sikio la shule." Nikaliweka kwenye nguzo. Mwanzo sikusikia kitu. Halafu nikasikia, mbali sana, ki, ki, kama mtu anayejigeuza kitandani nyumba ya pili.

"Huyo amechoka kidogo tu, bado hajasema," Kamotho alisema. "Mtarakwa una adabu, kijana. Hauvunjiki bila kukuaga. Ukilemewa utalia mchana kutwa, utalia hata kesho. Ukisikia umelia kwa nguvu, toka, na usirudi kuchukua koti." Tulipotoka nje, Bwana Hollis alikuwa amesimama mlangoni pa handaki akiandika, mgongo kwetu. Kamotho alimtazama kwa muda. "Na huyu," akanong'ona, "usimwone anatazama ukuta. Mimi nimewinda. Najua sikio linalosikia." Nililiandika hilo pia. Sikulielewa, lakini kuandika niliandika kila kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhambi yangu.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya koloni ikiwawinda wapiganaji wa Kikuyu msituni. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu malori mawili yaliingia uwanjani na askari, na Wakikuyu wote wa mgodi wakaambiwa wakae chini, mikono kichwani. Mimi nilipewa orodha yangu mwenyewe nisome majina. Safu ile ya pili, ya kabila, ambayo niliiandika kwa mwandiko mzuri nikitaka kusifiwa, ndiyo iliyotumiwa kuwachagua. Nilisoma kwa sauti ndogo mpaka askari akasema, "Paaza, wewe." Jina la Kamotho lilikuwa la nne. Alipoinuka alimwendea Barasa, akampa shoka, akasema, "Kila asubuhi. Hata wakikucheka." Akapanda lori. Sikumwona tena. Wiki iliyofuata makao makuu yalitaka orodha mpya. Walikuja vijana kutoka magharibi na wengine kutoka kaskazini, wengi hawajawahi kuingia chini ya ardhi, na kwenye ile safu ya miaka niliandika sufuri, sufuri, sufuri, kama mtu anayepanda maharagwe. Jina lenye miaka mingi sasa lilikuwa Barasa, sita. Bwana Hollis aliisoma mara mbili. Akasema, "Tuna watu wengi na miaka michache." Nilidhani anasikitika. Labda alisikitika kweli. Nimekuwa injinia maisha yangu yote na bado sijaamua juu ya mtu yule.

Halafu miti ikakoma. Misitu ilikuwa imefungwa, mtu akionekana huko na shoka anapigwa risasi kwanza, na mtarakwa ukawa haupatikani. Makao makuu yakatuma vyuma: reli kuukuu za treni, zimekatwa kimo cha dari. Kwa hesabu, reli moja inabeba kuliko nguzo tatu za mti, na hesabu hiyo ni sahihi, nimeirudia mwenyewe mara nyingi. Wakaanza kusimamisha reli. Vijana wapya walifurahi, zilikuwa nyembamba na zilipitisha toroli vizuri. Barasa aliendelea kuinua shoka kila asubuhi, lakini sasa akigonga chuma kinajibu ting, safi, kila siku ting ileile. Vijana walicheka. "Nyapara anapiga kengele ya shule!" Alirudi nyumbani akiwa hana maneno, na Nekesa akaniangalia juu ya sufuria kana kwamba mimi ndiye nimeyaficha.

Mwezi wa sita Bwana Hollis aliamuru nguzo za mti zilizobaki Handaki la Tatu zing'olewe, zipelekwe kufungua handaki jipya. Asubuhi hiyo Barasa alikuja ofisini na watu wanne, mmoja wao kijana aitwaye Wanyonyi aliyechimba pamoja naye. Wakasimama mbele ya meza kubwa, kofia mikononi, weupe kutoka kichwani hadi miguuni. Mimi nilisimama katikati, pembeni ya birika. Barasa alizungumza polepole ili nipate nafasi. Maneno yake yako kwenye daftari, nayanakili yalivyo: "Mwambie bwana hivi. Hatukatai chuma. Chuma kina nguvu. Lakini chuma hakisemi. Mti ukichoka unalia, mtu anatoka. Chuma kinanyamaza mpaka kinalala. Na hawa watoto hawajui dari, hawajui chochote, wanaangalia mimi. Tuachieni nguzo moja ya mti kila baada ya chuma tano. Moja tu, ya kusema. Kama haiwezekani, sisi Handaki la Tatu hatuingii."

Bwana Hollis alikuwa ameshika penseli. Hakuandika. Alikuwa anamtazama Barasa, halafu akanigeukia mimi, akangoja.

Nataka niieleze sawasawa hali yangu wakati ule, si kwa kujitetea. Barua ya makao makuu ya kulalamika kwamba tunatoa udongo kidogo ilikuwa wazi mezani, niliifungua mimi mwenyewe. Neno "hatuingii" katika mwaka ule lilikuwa neno la kumpeleka mtu korokoroni. Na chini ya karatasi hizo, nilijua, palikuwa na fomu ya kozi ya Nairobi, imejazwa jina langu, bado sahihi ya Bwana Hollis. Mkalimani ana sekunde tatu. Nilifungua mdomo, na kilichotoka kwa Kizungu, kwa adabu zote za shule, kilikuwa hiki: kwamba wanasema chuma kina nguvu, bwana, ila ni kigeni kwao, wanaomba wavumiliwe kidogo wakizoea. Bwana Hollis akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema vizuri, waambie nashukuru. Nami nikawageukia watu wale watano, na hapo sikuwa na sababu yoyote tena ila woga wa kuona nyuso zao zikibadilika. Nikasema, "Bwana amesema amesikia. Ataliangalia. Ingieni kazi, nguzo zitaachwa."

Barasa alinishika bega. Alama ya mkono wake ilibaki kwenye shati langu jeusi la shule, vidole vitano vyeupe. Jioni ile alikuwa na maneno tena. "Nekesa! Leo karani ametusemea. Kumbe mdomo anao, aliuweka akiba. Mwongezee mrenda." Nekesa akaniongezea. Akaniongezea tena. Nilikula mpaka nikashindwa kumeza, na kila nikisema nimeshiba Barasa alisema, "Kula, mtu wangu, umefanya kazi ya mwanaume." Baadaye nikavuta pazia la magunia, nikaandika yote, alivyosema yeye na nilivyosema mimi, upande huu na upande huu wa ukurasa. Nikaweka nadhiri kwamba asubuhi nitamwambia Bwana Hollis ukweli. Asubuhi alikuwa na homa ya mafua, hataki kusumbuliwa. Kesho yake alikwenda Nakuru. Siku ya tatu nguzo ziling'olewa, na Barasa alipouliza nilimwambia za kuachwa zitarudishwa, bwana anachagua zilizo nzuri. Uongo wa kwanza ulikuwa mkubwa. Huu wa pili ulitoka bila hata jasho.

Handaki la Tatu liliangukia ndani Alhamisi, siku ya nane, kama saa nne za asubuhi. Nilikuwa ofisini nachora mistari. Sikusikia mlio, na hilo ndilo ninaloliota. Nilisikia pumzi tu, kama mtu mkubwa amepuliza mshumaa, na dirishani pakawa peupe, jua likazimika. Nilipofika walikuwa wametoka wote isipokuwa mmoja. Wanyonyi alikuwa amekaa chini akitapika weupe. "Hakijalia," alikuwa anasema. "Karani, hakijalia hata kidogo. Tulikuwa tunacheka." Barasa alikuwa amewasukuma mbele ya toroli, akarudi kumfuata mvulana mmoja aliyekuwa nyuma, na mvulana huyo tayari alikuwa ametokea upande mwingine. Tulichimba kwa mikono na kwa sahani. Udongo ule hauna uzito ukiushika, unaweza kupuliza konzi nzima ikapotea hewani, lakini ukiwa mwingi hauachi hata nafasi ya kuingiza kidole. Saa sita Nekesa alikuja na chakula kama siku zote, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Hakuna aliyemwambia. Aliona jinsi tulivyoinama, akateremsha sufuria, akapuliza vumbi kwenye kifuniko, fuu, kama kawaida yake. Ndipo akapiga magoti, akachimba pamoja nasi. Tulimpata Barasa kesho yake alasiri. Shoka la Kamotho lilikuwa mkononi.

Akaja mkaguzi wa migodi kutoka Nairobi, mtu mpya aliyetoka nchi nyingine, asiyejua Kiswahili. Wakapanga viti kwenye veranda: yeye katikati, Bwana Hollis kando, na mimi nimesimama, kwa sababu hapakuwa na mkalimani mwingine. Nekesa alikuwa ameketi chini ya ngazi na wanawake wa landhi. Wanyonyi akaitwa. Hakuogopa. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanawake, "Tulimwambia bwana. Marehemu alisema wazi, huyu karani akiwa hapo: chuma hakisemi, tuachieni nguzo moja ya mti. Bwana akasema ataliangalia, tuingie. Tukaingia. Hakuangalia."

Mkaguzi akaniinulia nyusi. Nilimtazama Bwana Hollis. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua kwamba nikitafsiri maneno yale kama yalivyo, Hollis atasema hakuambiwa, na atakuwa amesema kweli, na kila mtu atanigeukia mimi, na Nekesa yuko pale chini. Nikasema kwa Kizungu kwamba shahidi anasema marehemu alikuwa nyapara mwangalifu, kwamba walikuwa na imani na chuma, na kwamba hapakuwa na malalamiko. Mkaguzi akaandika mstari mmoja. Wanyonyi alitazama kalamu ile ikisimama, akanitazama mimi.

"Karani," akasema. "Mbona Kizungu chake ni kifupi hivyo?"

Watu wawili watatu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Nekesa hakucheka, lakini alinitikisia kichwa kidogo, kama kunipa nguvu. Aliona nalia. Alidhani namlilia mumewe.

Bwana Hollis aliniita ofisini siku hiyohiyo, mkaguzi alipokwisha kuondoka. Fomu ya Nairobi ilikuwa mbele yake na barua ndefu imebanwa juu. Alitia sahihi zote mbili bila haraka, akakausha wino, akakunja. Kile kitabu chekundu kilikuwa kando ya mkono wake, na kwa mara ya kwanza nilikiona kimefunguka: kurasa zote, mpaka ya mwisho, zilikuwa zimechorwa kwa penseli. Akaninyoshea bahasha. Halafu akasema, kwa Kiswahili, polepole, neno moja moja, "Wewe natafsiri mzuri sana. Mimi nasikia kila neno. Ile siku ya Barasa, na leo." Akachukua birika, akajimiminia chai.

Nikaipokea. Ningeweza kuiacha mezani. Nimejiona nikiiacha mezani mara elfu, nimejiona katika nchi tatu na katika migodi ambayo siwezi kuihesabu, kwenye mikutano ambako nilikuwa mweusi peke yangu na baadaye kwenye ile ambako hapakuwa na mzungu hata mmoja na mtu wa mwisho wa orodha bado alizungumza kupitia kwa mwingine. Kila mgodi niliofika, kitu cha kwanza niliuliza ni nani amekaa hapa miaka mingi, na anaposema, nani anapeleka maneno yake. Wenzangu walidhani ni busara. Lakini siku ile nilinyosha mikono yote miwili, kama tunavyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa, nikasema asante bwana. Nekesa alinifungia chakula cha safari. Aliniambia nisome kwa bidii, nisome na sehemu ya Barasa. Kwa miaka hamsini na zaidi nilimtembelea kila Krismasi, na kila Krismasi alinipakulia mwenyewe, na mimi nilikula.

Leo asubuhi nimemaliza barua ya Nasimiyu. Nimeandika kwamba namjua tangu kuzaliwa, kwamba ana akili na haogopi kuuliza, na hayo yote ni kweli. Nimempigia simu aje aichukue leo jioni. Sikuiweka kwenye bahasha. Nimeiweka ndani ya daftari la pili, kwenye ukurasa ule wenye pande mbili, maneno ya babu yake huku na yangu huku, na daftari nimelifunga kwa uzi. Akitaka barua itabidi afungulie hapo. Nitakuwa nimekaa mbele yake. Akiniuliza nitajibu, na akiinuka akaiacha barua mezani, atakuwa amefanya ambalo mimi sikuweza.

Nimepika mrenda. Sijui kama atakula.